Uzi Mwekundu

Mkurugenzi alitaka mchoro kufikia Ijumaa.
Mimi nikaomba kwanza kumfuata Rusanka,
msukuma toroli wa zamu ya asubuhi,
hapa Gabrovo, kiwanda cha viatu kando ya mto Yantra
ulioganda kingoni, katikati ukipita.

Ngozi ghalani. Ghala kaskazini.
Meza ya kukatia kusini, kwa sababu mwaka fulani
kulikuwa na dirisha huko, dirisha likazibwa,
na meza hakuna aliyeiambia.
Vipande vikapanda ngazi kushonwa,
vikashuka kutiwa gundi, vikapanda tena
kungoja kisigino.
Kiatu kilikuwa kimetembea kabla ya kuvaliwa.

Jioni nikatandika ramani, nikachoma pini,
nikapitisha uzi mwekundu kila alipopita.
Uzi ukaisha. Nikanunua mwingine.
Kilomita kumi na moja, chini ya paa moja.

Nyumba njema si mlango, nikamwambia mkurugenzi
(mlango alikuwa ameshaupaka rangi).
Kazi ni maji: usiirudishe mlimani.
Anayeitoa na anayeipokea wakae bega kwa bega.
Gundi iende ukutani penye feni, mvuke utoke
bila kupitia kwanza vifuani mwa watu.
Mashine nzito zibaki chini; nyepesi zipewe magurudumu,
maana mitindo haipigi hodi.
Na mlango wa dharura usiwekewe hata boksi moja,
hata la leo tu.

Nikakata mashine za kadibodi, ndogo kama ukucha,
nikazihamisha mezani hadi kukakucha.
Uzi mpya: kilomita mbili na nusu.

Rusanka akautazama, akavua glavu.
"Hapa," akasema, kidole kwenye tundu la pini niliyoing'oa,
"hukaa dada yangu Stamena, mshonaji.
Napita mara kumi na nne kwa siku,
ananitilia mbegu za alizeti mfukoni.
Hilo umeliandika wapi?"

Sikuwa nimeliandika.
Daftari langu lina safu ya hatua na safu ya dakika.

Nikaichomeka pini tena, si palepale:
benchi moja kati ya ukataji na ushonaji,
mita nne za mraba zisizozalisha kitu.
Mkurugenzi akauliza ni za mashine gani.
Nikasema, za kupitia.

Leo Jumatatu. Hajatia saini.