Inadaiwa

Saa tano na robo usiku, Punta Arenas,
upepo unagonga madirisha ya chumba cha habari
kama mtu aliyesahau funguo.
Mtambo wa kuchapia unaanza saa sita kamili.
Mezani pana sekunde kumi na moja za sauti:
mwanamume anacheka, glasi inagongana na glasi,
kisha, "...za wazee hizo, nani atazihesabu?"

Nahuel Oyarzo, miaka ishirini na minne,
koti hajalivua tangu alasiri,
anasema sauti ni ya meya Mansilla,
anasema pesa ni za gesi ya wazee,
anasema redioni wameshaitoa.
Nani kakupa? Hawezi kusema.
Nani mwingine anajua? Mji mzima, anasema,
na ikifika asubuhi atakuwa hajakosea.

Kichwa cha habari keshakiandika:
MEYA ADAIWA KULA PESA ZA GESI.
Nalitazama lile neno la pili.
Dogo, nadhifu, limevaa glavu.
Tunalipenda sisi wa kazi hii,
tunalipachika mbele ya lolote
halafu tunakwenda kulala.
Msomaji halisomi hivyo.
Anayedaiwa ana deni,
na mwenye deni hutazamwa mfukoni.
Alikopa lini? Kwa nani? Haulizi mtu.
Duka ni letu, na daftari twaliandika wenyewe.

Niliwahi kumwandika Hernán Barría,
mhasibu wa shule ya mtaa wa juu.
Ukurasa wa kwanza, picha safu tatu,
jicho moja kalifumba kwa ukali wa jua,
akafanana na mwizi.
Nani hafanani naye, akifumba jicho?
Miezi minane, na hesabu zikatimia peso kwa peso.
Tukasahihisha: ukurasa wa kumi na nne,
mistari mitano, chini ya tangazo la matairi.
Alikuja ofisini, kofia mkononi.
Hakudai fidia. Hakudai kitu.
Aliiomba ile picha.
"Jirani aliwapeni bila kuniuliza," alisema.
"Marehemu mke wangu ndiye aliyeipiga."
Tukaitafuta. Haikuonekana.

Usidhani basi nausifu ukimya.
Mwaka wa kabla yake alikuja Otilia Cárcamo
wa kiwanda cha samaki, akatueleza ya msimamizi wake,
akalia, akatulia, akaanza upya.
Tukamwambia: huna shahidi.
Tukakaa kuusubiri ushahidi
kama abiria kwenye kituo kilichofutwa.
Baada yake walikuwa watatu.
Wa mwisho alikuwa na miaka kumi na saba.

Huko nje, kwenye pembe za barabara,
baraza la mji limefunga kamba
ili wapita njia washike, upepo usiwabwage.
Nami natafuta kamba.
Nashika stakabadhi: hakuna.
Nashika jina la aliyerekodi: hakuna.
Orodha ya malipo ya gesi ipo,
kabatini, ofisi inafunguliwa saa tatu.
Nashika sekunde kumi na moja,
nasikia kiganjani zinavyokatika.

"Wakitutangulia je?"
Wameshatutangulia, Nahuel. Sasa hatuna haraka.

Nakifuta kichwa, naweka bei mpya ya kaa.
Namwambia saa tatu kasorobo awe mlangoni kwa ofisi ya gesi,
na aulize kila mzee kwa jina,
alipata mitungi mingapi, baridi ilimkuta vipi.
Ananitazama kama nimeuza kitu chake.
Pengine nimeuza.

Saa tano na dakika arobaini
naipiga namba ya nyumbani kwa meya.
Inaita mara sita.
Inapokelewa: televisheni, kijiko, mtu anatafuna.
Huenda ni mwizi anayekula.
Huenda ni mtu anayekula.
"Nani?"
Nataja langu kwanza, lote,
Ivka Mihovilovic Gallardo,
herufi kwa herufi,
polepole, apate kuliandika.