Mkono Tu, Bila Mguu

Kidato cha Pili B, Pongwe, kipindi cha baada ya uji.
Niliandika ubaoni nahau ya Waingereza
na maana yake chini, kwa chaki iliyokatika mara mbili:
kitu kikiwa ghali kupita kiasi, wao husema
kimemgharimu mtu mkono na mguu.

Darasa likacheka. Nami nikacheka,
ndivyo tulivyofunzwa chuoni: wachekeshe, kisha watungishe.
Haya, sentensi.
Mashaka: simu ya kaka yangu, mkono na mguu.
Mwanakombo: mahari ya dada, mkono na mguu,
na godoro juu yake.
Vema, nikasema. Vema sana.

Skolastika Mgina akasimama bila kunyoosha mkono.
"Mwalimu, na aliyelipa mkono tu, bila mguu,
tuseme alipata kwa bei nafuu?"

Upepo ulileta harufu ya makapi ya mkonge,
ule ubichi unaooza.
Hakuna aliyecheka. Wote walijua,
isipokuwa mimi, niliyekuja Januari na kamusi mbili.

Nikakimbilia sarufi.
Nikataja mkono wa birika, mkono mrefu,
nikataja kuunga mkono (kuunga!)
na nikasema, Mungu anisamehe,
kwamba nahau haikatwi vipande.

Jumamosi nikaenda kambini.
Babu yake alikuwa kibarazani,
amelibana chungwa kwa magoti, analimenya.
Korona iliuchukua wa kulia, zamu ya usiku,
mwaka ambao yeye anauita mwaka ule, basi.
Kampuni ilimpa blanketi
na barua; barua bado anayo,
hajapata wa kumsomea mpaka mwisho.

"Mkono mtupu haulambwi," akaniambia,
"mimi hata huo mtupu sina,"
akacheka kidogo, kama mtu
anayepima utani wa zamani kama bado unakata.

Nilitaka kumwambia juu ya ubao, juu ya vema zangu.
Badala yake nikauliza habari za mvua.

Nilipoaga akaninyooshea wa kushoto
na maneno ambayo naamini ameyasema
kwa kila mgeni, kila msiba, kila Krismasi:
"Uniwie radhi, mwalimu. Ni wa kushoto."

Nikauficha wangu wa kulia mgongoni,
nikampa wa kushoto.
Kiganja chake kilinata maji ya chungwa.