Hesabu ya Visiki

Mwezi wa tisa, ukingoni mwa mbuga, kusini mwa Sikonge,
moto umeshapita, nyasi zimebaki mashina,
na mjomba Mihayo ana leseni ya mnyama mmoja
imekunjwa mara nne ndani ya kofia.

"Unaona nini?"
Visiki, nikasema.
"Vingapi?"
Nikahesabu kumi na vinane, nikaona inatosha,
nikatamani chai.

Hakunijibu. Alichota vumbi, akaliachia,
likamrudia usoni, akaridhika.
Alikuwa mtu wa mizinga, si wa maneno;
hata njia alielekeza kwa kidevu.

"Usimtafute palahala," akanong'ona, baadaye sana.
"Mnyama mzima hayupo mbugani.
Kuna sikio. Kuna mstari wa mgongo
uliolala pale ambapo kila kitu kimesimama.
Kuna weupe tumboni mwa kivuli.
Wewe okota vipande. Mwenyewe atakuja."

Nikakaza macho mpaka yakatoa machozi.
Darubini aliyonunua Tabora mjini, kwa fundi redio,
ilikuwa na jicho moja tu zima;
la pili lilionyesha maji ya kufulia.
Kwenye kichuguu, hakuna.
Chini ya mninga uliopasuliwa na radi, hakuna.
Kushoto, kisiki. Kisiki. Kisiki
kikafukuza nzi.

Hapo mbuga nzima ikanigeuka:
pale mpindo wa pembe, pale michirizi ya uso,
pale ndama, miguu kama fito za wigo,
kumi na mmoja, na dume nyuma yao
mweusi kama chungu kilichounguza maharage,
wote wametuelekea, wametuhesabu tangu alfajiri:
wawili, na darubini mbovu.

"Wapo!" nikasema,
na neno hilo ndilo lililowaondoa.

Mjomba hakunigombeza. Alitoa risasi bundukini,
akaifuta kwa shati, akairudisha mfukoni.
Siku mbili tulikula ugali kwa mlenda
na hakuna aliyetaja nyama.

Sasa mtoto wa jicho amemhamia macho yote mawili.
Anakaa kibarazani, uso ameuelekeza barabarani,
kukisikika vishindo hunigusa goti:
"Unaona nini?"

Ngoja, mjomba, namwambia.
Bado nina sikio tu.