Swali la Kumi na Nne

Wenzangu wameingia mwaka wa tano.
Wananitumia picha: makoti meupe, stethoskopu shingoni,
Akoko katikati, jua limemfumbisha jicho moja.
Mimi niko Kombewa, nimekalia ndoo iliyopinduliwa,
namsubiri mama wa mtoto nambari 0317
amalize kuanua omena.

Kule Kibuye mama yangu alizoea kumwongezea mteja
nyanya moja, na habari za mwanawe daktari.
Siku hizi anaongeza nyanya tu.
"Umefukuzwa?" aliniuliza, mlango kaufunga.
La, Mama. Nimeomba mwenyewe. Mwaka mmoja, utafiti.
"Utafiti," akasema, kama anayeonja mboga isiyo chumvi.
"Na ukishatafuta, ukapata, wanakupa nini?"

Sikuwa na jibu. Bado sina.
Nina pikipiki ya mradi, na Vitalis wa kuiendesha,
ajuaye vichochoro vyote hadi Asat, na mbwa wake kwa majina.
Nina fomu ya kurasa sita na kalamu ya wino mweusi,
wa buluu haukubaliwi.
Tunawatafuta watoto waliodungwa kisigino walipozaliwa,
tone moja karatasini, kisha majibu:
huyu chembe zake za damu zinapinda kama mundu.
Sasa wangekuwa na miaka mitatu.
Swali la kumi na nne: Mtoto yu hai?
Visanduku viwili.

Mundu huo niliuona kwanza kwenye hadubini, mwaka wa pili,
nikaupenda, Mungu anisamehe,
kwa jinsi ulivyokaa vizuri kwenye mwanga.
Mtihani nikapata tisini na moja.

Turfosa anakuja, anapangusa magamba kwa leso.
Anajibu. Umri wake. Maji ya kunywa huyatoa wapi. Chandarua.
La kumi na mbili. La kumi na tatu.
Nakohoa.
Vitalis anakagua gurudumu ambalo halina kasoro.

"Walikuja wengine kabla yako, wa mradi mwingine,
nao walikohoa hapo hapo," asema Turfosa.
"Tia alama yako. Lakini uandike na jina. Odero."

Fomu haina mahali pa jina.
Majina yako Kisumu, kabatini, chini ya kufuli,
kwa ajili ya kulinda siri za watu,
na sheria hiyo ni nzuri, niliitetea mimi mwenyewe mbele ya kamati.
Nikaliandika pambizoni, kwa wino unaokubaliwa.
Daktari Mukhwana atalikata Jumatatu. Ana haki.
Turfosa aliinama akatazama herufi moja moja,
kisha akanifungia omena kwenye gazeti.

Usiku mama akapiga simu.
"Leo mmepata wangapi?"
Tisa, nikamwambia.
Hakuuliza wa kisanduku kipi.
Nilimsikia tu akiipunguza redio.