Sanduku la Mwezi wa Tatu

Kijana wa bodaboda kalitua barazani,
lina stempu za nchi nne.
Maimuna kalipia mwaka mzima:
kila mwezi, bibi, utaonja dunia
na kanga yako kiunoni, hapa hapa Barani.

Mwezi wa kwanza zilikuja zeituni.
Nikazitema: zambarau zilizogombana na sukari.
Wa pili, mwani uliokaushwa ukawa karatasi.
Nikampa mbuzi.
Mbuzi akanitazama.

Leo ni jibini,
kipande kigumu, rangi ya pembe kuukuu.
Mjukuu kasoma lebo mara mbili, nguruwe hayumo.
Nakikuna kwa mbuzi ile nyingine, ya nazi,
na harufu inapanda,
na Shekue anaingia.

Miaka ishirini na sita aliwapikia Wataliano.
Jioni askari wa lango humpekua mfuko,
hata chembe hakutoka nayo.
Basi aliniletea maneno tu,
chali kitandani, mikono chini ya kisogo:
chumvi yake hukawia, mke wangu,
na utamu huja nyuma,
kama mgeni mwenye haya.
Nami: kaoge kwanza,
shati lako lanuka maziwa yaliyochacha.

Kumbe ni hii.
Ishirini na sita miaka nikiifua kwa sabuni ya kipande,
nikiianika juani itoke.

Nimenyunyiza juu ya wali wa jana.
Chumvi imekawia kweli.
"Bibi, tamu?"
Ngoja, mwanangu.
Yule wa nyuma hajafika.