Mpira wa Mlango

Dakta Hrynchuk aliinunua otoklevu hii mnadani, Regina,
mwaka aliofungua zahanati,
kwa mjane wa daktari wa meno,
pamoja na kitanda cha wagonjwa, kiti cha magurudumu matatu
(la nne mjane hakuliona), na mzani wa watoto
uliowaongezea wachanga wa Moose Jaw gramu mia mbili kila mmoja
hadi nilipokuja na mawe yangu ya shaba.
"Ndiyo maana wote walikuwa wakinawiri," akasema.
Hakucheka. Alifungua kabati la mafaili
akaanza kuwapigia simu akina mama.

Hiyo ni miaka tisa.
Leo nje ni thelathini na moja chini ya sifuri,
gari nimeliacha limechomekwa kwenye umeme kama mgonjwa mahututi,
na otoklevu inavuja.
Inalia kama birika la mtu aliyekwenda msibani
akasahau jiko.

Agizo la ofisi liko kwenye simu:
mashine yoyote iliyopita miaka kumi na tano
andika HAITENGENEZEKI,
kisha mpe daktari kitabu cha picha.
Kitabu ninacho. Mashine zake zina vioo vya kugusa,
zinasema lugha sita (Kiswahili hamna, nimeangalia),
na zinakodishwa miaka mitano,
dola mia nne na kumi kwa mwezi,
mpira wa mlango haumo kwenye mkataba.
Wahenga walisema kizuri chajiuza.
Hawakusema mimi nimeajiriwa kufanya nini.

Dakta amesimama mlangoni, glavu mkono mmoja.
Haulizi bei. Anauliza,
"Itafika mwezi wa tano?"
Hesabu zake nazijua: jokofu la chanjo lilikufa Oktoba,
mashine ya moyo imeanza kutafuna karatasi,
na Bi Pelletier wa mapokezi amejipunguzia siku za kazi
bila kuambiwa na mtu.

Nachuchumaa. Skrubu nne.
Nauvuta mpira: umekauka, umepasuka upande wa bawaba,
umelika kama kisigino cha ndala za baba
alizozishona kwa waya
hadi zikawa waya zaidi ya ndala.
Nyuma ya bati kuna mwandiko wa kalamu ya risasi,
wa fundi Lindqvist aliyenitangulia:
*Novemba. Mpira mpya. Vali safi.*
*Novemba. Mpira mpya. Baridi.*
Kisha Novemba moja tupu, bila neno.

Mpira ni dola thelathini na nane.
Ninao garini, niliununua kwa pesa yangu mwezi wa tisa,
jambo ambalo ofisi haina kisanduku cha kulijaza.

Fomu ina visanduku viwili.
Kalamu yangu imeganda. Ni baridi, najiambia,
ndani ya chumba chenye joto la kuvulia koti.
Kisha naandika.

Sasa inapanda. Geji inatetemeka, inatulia
kwenye mia moja ishirini na moja,
na hapo inakaa dakika zote thelathini
kimya, kama mtoto aliyeshiba.
Lakini geji nayo ni chombo,
na mimi nimeshaona mzani ukidanganya.
Kwa hiyo ndani nimeweka kichupa cha vijidudu,
vigumu kufa kuliko deni.
Vikitoka nitavilaza kwenye joto siku mbili,
nitazame rangi: zambarau ibaki zambarau.
Ikigeuka njano, basi ofisi ilisema kweli,
na mimi nitarudi na kile kitabu.

Dirishani, ng'ambo ya reli, maghala ya ngano
yamesimama shingoni mwa theluji.
Mji mzima huu hupanda ukiomba kiote.
Dakta ananiletea kahawa, hakuweka sukari, anakumbuka.
"Utanipigia lini?"
Keshokutwa, namwambia.
Nimepanda, na naombea
kisiote kitu.