Mota za Milka

Mlima ulio nyuma ya nyumba ya Jurij
umeinama kama paa la kanisa.
Miaka arobaini na mitatu aliupanda na mundu wa mpini mrefu,
kamba kiunoni, ncha ya pili kwenye mtufaa.
Juni iliyopita mguu wa kushoto ulikataa,
akateleza mpaka kwenye mizinga ya nyuki,
akalala pale akihesabu mawingu na mbavu.

"Uza," mwanawe akasema kwa simu kutoka Ljubljana.
Jurij akakata simu, akaingia ghalani,
akafunua turubai.

Kiti cha magurudumu kilikuwa palepale
tangu Februari, tangu Milka.
Mto wake ungali na shimo la mtu mwembamba.
Hakukaa kufikiri. Ukikaa kufikiri, spana hupata kutu.
Akafungua nati nne za chini, kisha nne nyingine,
akatoa mota mbili, kila moja nzito kama jogoo aliyechinjwa,
akazilaza juu ya gazeti:
ya kulia kulia, ya kushoto kushoto.

Fremu, vyuma vya kitanda cha mama yake.
Injini na kisu, vya mashine ya kusukuma ya Kobal,
kwa chupa tatu za pombe kali ya matunda.
Tairi za nyuma za toroli,
za mbele za kitu ambacho hata yeye hakukikumbuka.
Mambo ya mawimbi akamwachia Neža wa jirani,
miaka kumi na minne, meno yamefungwa waya,
aliyekuwa ameivunja ndege yake ya kuchezea
na sasa akaleta rimoti yake ndani ya soksi.

"Mzee, mawasiliano yakikatika lazima isimame yenyewe.
Kisu hakiulizi jina la mtu."
Akalehemu ulimi ukiwa nje, moshi wa risasi puani,
Jurij akimshikia taa kama mtumishi wa altare.

Jaribio la kwanza, ikarudi nyuma.
La pili, ikazunguka, ikazunguka,
kama bata aliyelewa,
ikala waridi, ikala mpira wa maji,
ikamwelekea paroko aliyekuja kuomba mayai.
Paroko alikimbia vizuri kwa umri wake.
Nyaya mbili zilikuwa zimebadilishana nyumba.

La tatu lilikuwa Jumamosi, umande umeshakauka.
Kabla ya kuwasha injini, Jurij akasukuma vijiti taratibu,
na mota peke yake zikaimba
mmmmm,
ule mlio wa ukumbini,
wa saa kumi na moja alfajiri,
wa mtu anayekwenda dirishani kuona kama theluji imeanguka.
Mbwa akainuka kivulini,
akautazama mlango wa jikoni, mkia ukiuliza.

Neža akajifanya anakaza bolti.

Kisha kamba ikavutwa, injini ikakohoa, ikanguruma,
na mashine ikapanda.
Ikapanda kweli, jamani, ikivinjari mteremko kama mbuzi,
nyasi zikilala nyuma yake kwa mistari isiyonyooka,
harufu mbichi ikashuka mpaka barabarani.
Jurij alisimama chini kabisa, miguu yote miwili kwenye tambarare,
vidole gumba vikifanya kazi ya kiuno.

Karibu na mtufaa kuna jiwe.
Hapo alipunguza mwendo.
"Polepole, Milka," akasema, "kuna kizingiti."
Akasikia alichosema.
Hakukirudisha.

Jioni akafuta kisu, akachomoa nyasi zilizojisokota kwenye ekseli,
akaiingiza jikoni kuichaji, matope na yote,
kwenye soketi ileile ya karibu na jiko,
waya ukikatiza sakafu palepale ulipozoea kukatiza.
Akauruka gizani bila kuutazama,
akaenda kulala.